MJADALA: Ukipewa kitu ili usifu bidhaa, sheria ikulazimishe kusema?

Asalaam aleikum watu wa Amu (Lamu) na wenzetu wa bara. Kijana anayesifu krimu, hoteli au mashua kwenye ukurasa wake, alazimishwe kusema amelipwa? Mimi nasema alazimishwe, na aliyemlipa abanwe zaidi.

Wenzetu washaanza. Marekani, tume ya biashara, FTC, ilirekebisha miongozo yake mwaka 2009 ikawagusa wanablogu waziwazi: umepewa pesa au bidhaa ya bure, sema. Ufaransa ilitunga sheria Juni 2023, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 2 na faini ya euro 300,000.

Hapa kwetu jibu huwa, "Sikulipwa mimi, nililala tu hotelini bure." Hapo ndipo penye mambo. Umelala hoteli ya Shela siku mbili, umekula kamba wa nazi, umepelekwa kisiwa cha Manda Toto kwa jahazi na kurudishwa jioni. Ukishakirimiwa hivyo, utasema choo kilikuwa hakipitishi maji? Si lazima uwe mwongo. Fadhila hufunga mdomo, na anayetafuta chumba kwa pesa zake ana haki ya kujua mdomo umefungwa. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya Kenya kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji.

Halafu, iandikwe wapi? Kuna video ya krimu ya uso niliyoitazama: maneno matamu ya Kiamu mwanzo hadi mwisho, kisha kijineno cha Kizungu chini kabisa, hukioni mpaka ubonyeze kufungua maelezo. Mama zetu watakionaje? FTC yenyewe inaelekeza isemwe ndani ya video, kwa lugha ile ile ya tangazo. Na sisi tuna la zamani zaidi. Mtume (s.a.w.) alitia mkono kwenye rundo la nafaka sokoni, akakuta ndani kumelowa. Mwenye mali akasema ni mvua. Akaulizwa mbona hakuiweka juu iliyolowa, watu wakaiona.

Mnaosema tutawakatia vijana riziki, nawaelewa, kazi ni chache. Lakini fikirini kijana mwenye simu yake tu, anaambiwa na meneja, "Usitaje kwamba tumekulipia." Atabisha kwa nguvu gani? Sheria ndiyo itakayomsaidia kukataa. Wafaransa wanamwajibisha mwenye bidhaa pamoja na anayeitangaza, mteja akidhurika. Hilo tulichukue kama lilivyo.

Ninapotaka kuwasikia ni kwa watangazaji wadogo kabisa. Binti amepewa kanga na shangazi yake mwenye duka, akaivaa, akapiga picha na kuisifu. Mimi naona aseme ni duka la shangazi, ila faini asitozwe. Nyinyi mwaonaje, mpaka tuuweke wapi?