Sukuma za kando ya Mto Ngong zimesoma risasi 2.1: ni kweli zimepita kiwango mara saba?

Binti_wa_Sampuli

Habari zenu wadau. Niko mwaka wa pili wa uzamili, kemia ya mazingira, na nimekwama.

Nimepima risasi (ile metali yenye sumu) kwenye sukuma wiki za sehemu nne: shamba la kando ya Mto Ngong pale Mukuru, shamba la maji taka kule Njiru, mafungu ya kununua Marikiti, na za nyumbani Kikuyu, mbali na barabara, ambazo ni za kulinganishia. Nilizikausha kwenye oveni, nikasaga, nikapima gramu 1, nikachemsha na asidi ya nitriki na haidrojeni peroksaidi mpaka ikawa angavu, nikachuja na kujazia hadi mililita 50. Kusoma nilisomea AAS ya moto, mashine inayopima metali kwa mwanga unaofyonzwa ndani ya mwali. Majibu kwa miligramu kwa kilo: Mukuru 2.1, Njiru 1.9, Marikiti 1.7, Kikuyu 1.6.

Kiwango cha Codex (viwango vya kimataifa vya chakula) cha risasi kwa mboga za majani ni 0.3. Msimamizi wangu anasema niandike "imezidi mara saba" tuingie sura inayofuata. Lakini kuna mama mwenye lile shamba la Mukuru. Alinichumia mboga bure, na sasa kila wiki ananipigia: "Mwalimu, mboga zangu zimesema nini?" Watoto wake wanakula hizo hizo, na jioni ana wateja wanaomngoja. Nikimwambia mara saba, biashara yake imekwisha. Je, namba hii inasimama?

Mpita_Njia254

Dada, mto ule unaunusa kabla hujauona, na bado unauliza kama mboga zake zina sumu? Andika mara saba, uvae joho uende zako.

Fundi_Mstaafu

Pole pole. Mimi si daktari wa falsafa, nilikuwa fundi wa maabara, na hizi mashine za AAS nimezilisha gesi tangu siku za kusoma sindano ikicheza kwenye kioo. Namba yako haisimami, na sababu ni mbili, moja nyepesi na nyingine nzito.

Nyepesi ni hii. Ile 0.3 ya Codex ni ya mboga mbichi, kama inavyouzwa. Yako ni ya mboga kavu. Sukuma ni maji matupu. Ukikausha kilo nzima unabaki na gramu mia na kitu, na risasi yote imebaki humo humo. Ulipima uzito kabla na baada ya oveni? Tuseme ulibakiwa na asilimia 12. Basi 2.1 zidisha kwa 0.12 unapata kama 0.25. Hapo tayari uko chini ya kiwango, na ile mara saba imeyeyuka bila hata kugusa mashine. Nimeona tasnifu zilizofungwa jalada gumu zikiwa na kosa hili, na wasahihishaji wakapitisha, kwa sababu namba kubwa inapendeza kuliko namba ya kweli.

Sababu nzito: rudi nyuma kutoka miligramu kwa kilo hadi kile mashine ilichokiona. Gramu 1 yenye 2.1 ni mikrogramu 2.1, ukaitawanya kwenye mililita 50. Hiyo ni 0.042 miligramu kwa lita. Kikuyu ni 0.032. Kwa hiyo hadithi yako yote, kwamba Mukuru kuna sumu kuliko Kikuyu, imekalia tofauti ya 0.010. Moto wa asetilini na hewa kwa risasi haukuumbwa kwa kazi hiyo. Ni kupima kijiko cha chumvi kwa mizani ya magunia.

Sasa nijibu maswali matatu. Standadi yako ya chini kabisa, yaani kimiminika chenye risasi unayoijua cha kuifundishia mashine, ilikuwa ngapi? Ulisomea mstari (wimbi la mwanga, kwa nanomita) wa 283.3 au 217.0? Na sufuri uliweka kwa nini, maji matupu au blanki, yaani kimiminika kisicho na jani, iliyopitia asidi, jiko na karatasi ya kuchujia kama sampuli zako?

Binti_wa_Sampuli

Asante sana mzee. Standadi zilikuwa 1, 2, 4, 6 na 8 miligramu kwa lita. Mstari ni 283.3. Sufuri niliweka kwa maji yaliyotolewa ioni. Uzito wa kabla na baada ninao kwenye daftari: wastani ni asilimia 12 kweli, kama ulikuwepo!

Mkulima_Ruai

Samahani wasomi, mimi ni wale tunaolima kwa maji taka. Mnapiga hesabu za sufuri nyingi na mimi kesho nina gunia la kupeleka sokoni. Tuoshe kwa chumvi? Tuchemshe sana? Tuache?

Fundi_Mstaafu

Ndugu Mkulima, chumvi haiondoi risasi, na kuchemsha hakuondoi. Metali si kijidudu, haifi kwenye sufuria. Kinachosaidia ni maji mengi safi yanayotiririka, jani moja moja, mbele na nyuma, kwa maana risasi nyingi ya kwenye jani ni vumbi lililotua juu. Mizizi ya sukuma hainyonyi risasi kwa wepesi, udongo huishikilia. Hapo sisemi kwamba maji taka ni salama. Mayai ya minyoo na viini vya kuharisha vitamfikia mteja wako kabla ya risasi, na dhidi ya hivyo jiko linasaidia kweli. Mtu asile mboga mbichi, basi. Na usioshee mboga mto ule ule.

Binti, standadi ya chini 1 na sampuli 0.04! Mashine haikupima, imekisia. Ilichora mstari kutoka 1 kwenda 8, ikaurefusha kuelekea sufuri, ikakupa namba kwa adabu kwa sababu uliiomba. Tengeneza standadi za 0.05, 0.1, 0.2 na 0.5. Kisha chukua asidi peke yake, bila jani, uipitishe njia yote: jiko, peroksaidi, karatasi, chupa. Zisome hizo kabla ya jambo lingine lolote. Kama kuna mtu anafungua dirisha la maabara upande wa barabara, mwambie afunge. Petroli ya risasi iliisha hapa kwetu kufikia 2006, lakini ile iliyotua miaka yote ile haijaenda popote, bado imo kwenye vumbi la kando ya barabara.

Mpita_Njia254

Sasa mzee unatetea wachafuzi. Dandora je? Watoto walipimwa ikaonekana.

Fundi_Mstaafu

Dandora naijua. Utafiti ule wa UNEP (shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa) wa 2007 uliwachunguza watoto 328 wanaoishi karibu na jaa, na nusu ya waliopimwa damu walikuwa na risasi kupita kiwango kilichokubalika kimataifa. Ile ilikuwa damu, na udongo wa jaa ulipimwa pia. Mtoto anacheza kwenye vumbi, anatia mkono mdomoni. Ndiyo maana ule ushahidi una uzito, na ndiyo maana sitaki binti huyu apeleke mbele namba ambayo wakili wa kiwanda chochote ataipasua kwa dakika tano. Owino Uhuru kule Mombasa, mtaa uliochafuliwa na kiwanda cha kuyeyusha betri, watu walifika mahakamani na mwaka 2020 wakapewa shilingi bilioni 1.3. Kesi ya namna ile unaibeba kwa vipimo, hasira peke yake haifiki.

Binti_wa_Sampuli

Nimerudi. Nimetengeneza standadi za chini na kusoma blanki tatu za asidi: 0.028, 0.035, 0.031. Nimekaa nikaziangalia tu.

Fundi_Mstaafu

Basi Kikuyu yako ya 0.032 ni blanki tupu, risasi ya asidi na vyombo. Mukuru ukiitoa inabaki kama 0.011. Sasa chukua mtawanyiko wa blanki zako, karibu 0.0035, zidisha kwa tatu: 0.0105, ndio mpaka ambao chini yake namba haiaminiki. Mukuru imesimama mlangoni kabisa, hujui inaingia au inatoka. (Blanki tatu ni chache, fanya kumi.)

Usitupe kazi. Loweka vyombo vyote kwenye asidi ya nitriki asilimia 10 usiku kucha, suuza kwa maji yaliyotolewa ioni. Pima gramu 2, jazia hadi 25 badala ya 50; umeongeza nguvu mara nne bila kununua kitu. Jaribu 217.0, una kelele zaidi lakini unaona mbali zaidi, na usisahau taa ya kusahihisha mwanga wa nyuma, ule usiotoka kwa risasi. Ukipata tanuri la grafaiti (AAS inayoona risasi kidogo kuliko ya moto) kwa mtu, hata kwa siku moja, achana na moto kabisa kwa risasi. Chukua sampuli moja uitie risasi unayoijua kabla ya kuchemsha, uone kama inarudi yote. Majani ya pichi ya NIST, taasisi ya vipimo ya Marekani, ambayo risasi yake inajulikana, karibu miligramu 0.87 kwa kilo, ndiyo kipimo bora, ila sijui idara yenu itakubali kulipa.

Na gawanya kila fungu mara mbili, lililooshwa na lisilooshwa. Hapo ndipo tasnifu yako ilipo. Halafu pima kadimiamu, metali nyingine yenye sumu, mstari wa 228.8. Moto unaiona vizuri kuliko risasi, na yenyewe ndiyo inayopanda kutoka mzizi hadi jani. Kiwango chake kwa mboga za majani ni 0.2, mbichi vile vile. Kwa shamba la kando ya mto wa viwandani ningeiogopa hiyo kwanza.

Binti_wa_Sampuli

Na mama wa Mukuru nimwambie nini kesho? Atapiga tu.

Fundi_Mstaafu

Mwambie bado hujapata jibu, aoshe majani kwa maji ya mfereji, na watoto wanawe mikono wakitoka shambani kabla ya kula. Halafu mwombe mboga nyingine, safari hii na udongo wa chini yake, na umlipe.