Tano za jana: ni za kocha au za miguu? Robertinho abaki au aende?

Fundi wa Keko – Jumatatu, 6 Novemba 2023

Wana Msimbazi, naomba leo tuongee mpira. Matusi tuwaachie hao wanaopita barabarani na vidole vitano hewani tangu jana jioni. Swali langu ni hili: kipigo cha 5-1 ambacho Simba yetu imepata jana kwa Yanga ni cha kocha Robertinho, ni cha wachezaji, au ni cha waliosajili? Mimi nina upande wangu tayari, ila nataka mnibishie kwa hoja.

Nilikuwa Uwanja wa Mkapa, jukwaa la mzunguko, nyuma ya goli tulilokuwa tunashambulia kipindi cha kwanza. Kipindi cha pili likageuka letu la kulinda, kwa hiyo nimeyaona kwa karibu kuliko nilivyolipia. Musonda katufunga dakika ya 3, watu wengine bado wanatafuta pa kukaa. Kibu akasawazisha dakika ya 9, nikamkumbatia mama mmoja simjui, kanichafua na juisi ya ukwaju mpaka kwenye kola. Mapumziko 1-1, na tusidanganyane, hatukuwa wabaya.

Halafu dakika ya 64 Maxi. Ya 73 Aziz Ki. Ya 77 Maxi tena. Dakika 13, mabao matatu! Ile penalti ya Pacome dakika ya 87 sikuiona, nilikuwa kwenye ngazi nasukumana na wenzangu wanaotoka. Nilisikia kelele tu za upande wa pili.

Sasa nisikilizeni. Kabla hata ya lile bao la pili, kama dakika ya 60 hivi, katikati ya uwanja palishakuwa wazi. Yanga wakinyang'anya mpira wanakuja wanne kwa mbio, wa kwetu wanarudi kwa kutembea. Mmoja kainama kashika magoti, mwingine kashika kiuno. Na hili halikuanza jana. Al Ahly wa Misri walipokuja Oktoba 20 tuliongoza 2-1, uongozi wenyewe haukumaliza hata dakika tano, ikaisha 2-2. Tukaenda Cairo, tukatangulia tena, wakasawazisha, tukatolewa kwa bao la ugenini. Power Dynamos je? 2-2 kwao Ndola, 1-1 hapa kwetu, tukavuka kwa kanuni ile ile iliyokuja kututoa kwa Ahly. Tulishangilia tumeingia makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, hakuna aliyeuliza kwa nini timu ya Zambia ilituhangaisha vile.

Timu ilikwenda kambi Uturuki Julai. Miezi minne baadaye haimalizi dakika 90. Hilo mimi namdai kocha. Usajili tutaujadili, lakini kocha ndiye anayewaona mazoezini kila siku.

Nibishieni.

Mkwakwani Boy

Dada Fundi, pole kwa kola. Ila naona umeamka na hasira umemtafuta wa kumtupia.

Kocha huyu msimu huu alikuwa kacheza mechi sita za ligi kashinda zote sita. Pointi 18 kati ya 18. Agosti hapa kwetu Tanga aliwanyima hao hao Yanga Ngao ya Jamii, kipa wetu Ally Salim kadaka penalti mtu na macho yake. Aprili aliwapiga 2-0, Inonga na Kibu. Wydad, waliokuwa mabingwa watetezi wa Afrika, walitutoa kwa penalti tu kule Casablanca. Mbona siku hizo sikusikia habari za pumzi?

Na nikuulize: Yanga Oktoba walikwenda Mbarali, wakafungwa na Ihefu 2-1. Ihefu! Kocha wao Gamondi kafukuzwa? Walikaa naye, jana katupa majibu. Sisi mechi moja tu tunataka kuchoma nyumba.

Kuhusu Ahly, dada, ile ni Ahly. Kutoka sare mara mbili na bingwa wa Afrika unaita dalili ya ugonjwa?

Jangwani Damu

Makolo, nyinyi wa Simba, poleni sana, nimepita kutoa salamu za rambirambi.

Msijisumbue kutafuta mchawi. KMC tuliwapiga tano. JKT tano. Nyinyi tano. Sisi hatubagui, mkija mnapata sahani sawa na wenzenu. Tofauti yenu ni kwamba nyinyi mmeruhusiwa kupata moja la kufutia machozi.

Ombi langu kwa uongozi wenu: Robertinho asiguswe. Mpeni mkataba mpaka 2030, mumjengee na nyumba Bunju karibu na uwanja wenu. Asanteni kwa ushirikiano.

Fundi wa Keko

Jangwani Damu, umekuja na vichekesho nimekuachia, wiki hii ni yako. Ila umenisaidia hoja bila kujua. KMC na JKT mliwapiga tano tano, sawa, hatukushangaa. Ukiona Simba imeingia kwenye orodha moja na hao, kuna kitu kimeharibika, na hakikuharibika kwa siku moja.

Mkwakwani Boy kaka yangu, nakuheshimu, ila hesabu yako ina pazia. Mechi sita tumeshinda, ndiyo. Hebu kumbuka ya Singida 2-1 na ya Ihefu 2-1, hii ya Ihefu ni wiki moja tu kabla ya dabi. Ulikaa kwa raha dakika 20 za mwisho? Mimi siku ya Ihefu niliacha mteja kasimama dukani na suruali yake haijapindwa, kwa presha ya kusubiri filimbi. Kushinda tulikuwa tunashinda, ila kila mechi tunamalizia kwa dua. Na ile Ngao ya Tanga, shukuru mikono ya Ally Salim. Dakika 90 zilikuwa 0-0.

Halafu ya Gamondi ni hoja nzuri, sikatai. Lakini Yanga waliofungwa Mbarali walikuwa wanakimbia mpaka mwisho wanatafuta la kusawazisha. Unaweza kufungwa ukiwa mzima. Sisi jana tulifungwa tukiwa tumechoka, na hilo halirekebishwi kwa kusema "tutajirekebisha mechi ijayo".

Namba Sita Mstaafu

Naomba niingie hapo kwenye pumzi, maana nimecheza kiungo mkabaji ndondo cup, mashindano ya mitaani, miaka mingi na goti langu ni shahidi.

Dada Fundi, umeona sawa lakini umetafsiri nusu. Mchezaji wa kulipwa hachoki dakika ya 60 kwa sababu hajakimbizwa mchangani. Anachoka kwa sababu anakimbia umbali usio wake. Ukiwapanga Chama na Saido pamoja, wote wawili ni mafundi, mpira ukiwa mguuni mwao unafurahi. Ukipotea, hakuna anayekaba. Ina maana viungo wawili wa nyuma wanafanya kazi ya wanne. Mabeki wa pembeni nao, Kapombe na Tshabalala, wanapanda kusaidia mashambulizi, maana ndio upana pekee tulionao. Mpira ukipotea wana mita 50 za kurudi. Fanya hivyo kipindi kizima halafu uone kama hutashika kiuno.

Sasa tazama wenzetu. Aziz Ki, Pacome na Maxi ni watu wa kufunga, lakini mpira ukipotea wao ndio wa kwanza kuufuata. Mpinzani hapewi nafasi ya kuinua kichwa, anabutua. Wanaunyakua karibu na goli lako, hawana safari ndefu. Ndiyo maana dakika ya 77 Maxi bado ana miguu.

Kwa hiyo ni kocha, tunakubaliana. Lakini si wa viungo, ni mpangilio. Ukimleta mtu wa kuwakimbiza Coco Beach kila alfajiri na ukabaki na mpangilio ule ule, ASEC ya Ivory Coast watakuja mwisho wa mwezi huu wakukute umeshika kiuno vile vile.

Fundi wa Keko

Namba Sita, hii ndiyo niliyokuwa naitafuta. Nimeisoma mara mbili cherehani imesimama.

Ila nikuulize kitu kimoja. Kama ni mpangilio tu, mbona kipindi cha kwanza tuliweza? Chama na Saido si hao hao? Nafasi si hizo hizo? Kipindi cha kwanza Tshabalala alikuwa anapanda na anarudi, nilikuwa namwona, upande wangu kabisa. Cha pili anapanda, kurudi ni kwa awamu. Mpangilio haukubadilika, miguu ndiyo iliyobadilika. Mimi nadhani ni vyote viwili, na vyote viwili vina bosi mmoja.

Mzee wa Gerezani

Wanangu, nimewasoma. Mimi nimeanza kwenda uwanjani hamjazaliwa, nikiwa nimeshikwa mkono na marehemu kaka yangu. Simba kufungwa tano na Yanga si mara ya kwanza, 1968 walitupiga 5-0. Tukalipa: 1977 tuliwapa sita, Kibadeni peke yake matatu. Na Mei 2012 tukawapa tano bila. Kwa hiyo huyo kijana wa Jangwani ale taratibu, sahani ya tano hata kwao imewahi kupelekwa.

Lakini nataka niwakumbushe jambo. Hesabuni na mimi. Aussems, alitufikisha robo fainali ya Afrika 2019, Novemba mwaka huo huo tukamwondoa. Vandenbroeck katuingiza makundi Januari 2021, kesho yake yuko Morocco. Gomes akaja, tukampiga Al Ahly hapa kwa bao la Miquissone, Oktoba Jwaneng Galaxy ya Botswana wakatufunga 3-1 nyumbani, Gomes kwaheri. Pablo akaja akaenda. Zoran yeye sijui hata kama alifungua begi. Mgunda akashika usukani kwa muda. Ndipo Robertinho, Januari mwaka huu, kutoka Vipers ya Uganda.

Miaka minne, makocha wangapi hao? Na waliosajili ni wale wale. Kocha akija anakuta wachezaji hakuwachagua, akianza kuwazoea anafukuzwa, anayefuata anakuta wachezaji wa aliyepita. Safu ya mbele yetu ina majina makubwa yenye umri mkubwa. Binti Fundi, wewe unamdai kocha miguu. Miguu ya miaka 30 na kitu, mwanangu, kocha anaitoa wapi? Aliyeinunua ndiye wa kuulizwa.

Jwaneng hao hao tumepangwa nao tena makundi, pamoja na Wydad na ASEC. Mkimfukuza leo, anayekuja anaanza na mtihani huo hajui hata jina la mtunza vifaa.

Fundi wa Keko

Shikamoo Mzee. Hapo kwenye usajili umenibana, sina jibu la haraka.

Naomba tu nisieleweke vibaya: sijasema afukuzwe. Nimesema namdai. Mtu akikuletea kitambaa kifupi, wewe fundi unamwambia mapema, "hiki hakitoshi gauni, tushone sketi." Hukati gauni kisha ukalaumu kitambaa siku ya harusi. Kama wachezaji umri umekwenda, kocha alipaswa kujua tangu Uturuki, akapanga timu ya kucheza kwa akili, isiyofunguka namna ile ikiwa 1-1 kwenye dabi. Sare ile ingetuacha na pointi sawa na Yanga, na mechi moja mkononi. Tulikuwa na haraka ya kwenda wapi?

Mkwakwani Boy

Hapo sasa dada umesema. Hilo la 1-1 hata mimi sina la kumtetea.

Jangwani Damu

Mimi ninalo la kumtetea. Alitaka burudani, na burudani ilikuwepo.

Namba Sita Mstaafu – Jumanne, 7 Novemba 2023

Wakuu, taarifa ya klabu imetoka. Wameachana na Robertinho kwa makubaliano ya pande mbili, na kocha wa viungo Corneille Hategekimana naye kaondoka. Timu iko chini ya Daniel Cadena kwa muda, akisaidiwa na Matola.

Dada Fundi, naona na uongozi umeshika kiuno upande wako. Mpaka mtu wa viungo!

Mzee wa Gerezani

Niliwaambia. Ongezeni kwenye ile orodha yangu.

Fundi wa Keko

Nimeiona, wateja wawili wamenitumia kabla hata sijafungua duka. Wala sijafurahi, nawaambia ukweli. Kumwondoa wa viungo kunaonyesha na wao waliona nilichoona, sasa walikuwa wanangoja tano za nini?

Halafu Cadena ni kocha wa makipa. Namheshimu, kazi yake anaijua. Namungo ni Alhamisi, keshokutwa. Hakuna mtu duniani anayeongeza pumzi kwa siku mbili, kwa hiyo Namba Sita, tunarudi kwenye hoja yako: ni mpangilio tu ndio unaoweza kubadilika. Ungekuwa wewe, kati ya Chama na Saido unamweka nani benchi, na unamwambiaje?