Buibui aliyeota ukungu chini ya jani: ni kuvu gani, na ina kemikali gani?

Mwalimu wa Nansio

Wakuu wa jukwaa, salaam. Ninafundisha Baiolojia katika shule ya sekondari hapa Ukerewe. Wanafunzi wangu wameniletea jani la mgomba ambalo upande wake wa chini amenasa buibui mfu, miguu ikiwa imenyooka, mwili mzima umefunikwa na utando mweupe unaoelekea zambarau hafifu. Juu ya utando huo vimechomoza vijiti vyembamba kama sindano, na ukivigusa vinatoa unga. Buibui hapa hawahesabiki, kwa sababu wadudu wa ziwani wanaojaa kwenye taa huwapa chakula tele, lakini sijawahi kumwona mmoja katika hali hii. Naomba kufahamishwa hii ni kuvu gani na inauaje. Aidha, mwanafunzi mmoja ameuliza kama ndiyo ile "kuvu ya kiwavi" inayotangazwa kwenye simu kuwa ni dawa ya kila kitu.

Mchunguzi wa Kuvu

Mwalimu, kwa maelezo yako ninaelekea kwenye jenasi ya Gibellula, ambayo huota juu ya buibui na mara nyingi huonekana hivyo hivyo, chini ya jani, ikiwa na vijiti vyenye unga wa spora, yaani chembe ndogo ambazo kuvu huzaliana kwazo. Spishi yenyewe haiwezi kutajwa bila darubini. Kundi hili ni pana mno: Beauveria na Metarhizium hushambulia wadudu wa aina nyingi, Entomophthora muscae huua nzi, na Ophiocordyceps unilateralis humfanya sisimizi wa msituni apande mmea na kuuma jani kwa nguvu kabla hajafa, ili spora zidondoke kutoka juu.

Namna ya kuua ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi. Bakteria na virusi vingi humwingia mdudu kupitia chakula, lakini kuvu hizi hupita kwenye gamba lenyewe. Spora hunata, huota, kisha hutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha mafuta, protini na kitini (kitu kigumu kinachojenga gamba) huku ncha ya uzi wa kuvu ikisukuma kwa nguvu mpaka itoboe. Ikishafika kwenye damu ya mdudu hujigawa katika vipande vidogo vinavyoelea na kuongezeka, na hapo ndipo kemia inapoanza. Metarhizium hutengeneza destruksini, peptidi (minyororo mifupi kama ya protini) za umbo la pete zinazovuruga kalsiamu kwenye misuli, mdudu akapooza, na wakati huohuo hudhoofisha kinga yake. Beauveria ina bovericini, na pia oosporeini, rangi nyekundu ambayo huizalisha kwa wingi mdudu akishakufa ili kuwazuia bakteria wasimwozeshe kabla kuvu haijamaliza kula. Kwa hiyo si kila kemikali ya kuvu ni silaha ya kumuulia mdudu. Nyingine ni ya kulinda mzoga dhidi ya washindani.

Kama wanafunzi watapenda mfano wa karibu, wasome kuhusu Microsporidia MB, kiumbe wa ukoo wa karibu sana na kuvu, aliyetangazwa mwaka 2020 kutokana na mbu wa eneo la Mbita, ng'ambo ya ziwa upande wa Kenya. Huyu hamuui mbu. Humzuia asibebe vimelea vya malaria, na mbu jike humrithisha watoto wake.

Mkulima wa Magu

Naongezea upande wa shamba. Mwaka 2009 FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ilisaidia kupuliza Metarhizium kutoka angani dhidi ya nzige wekundu hapa Tanzania, zikiwemo mbuga za Ziwa Rukwa na bonde la Malagarasi, na nzige wakadhibitiwa bila kumwaga sumu kali kwenye maeneo ya wanyama. Kwa sisi wa nyanya na vitunguu, tatizo ni matumizi. Jirani yangu alichanganya kiuatilifu kilichotengenezwa kwa kuvu hai na dawa ya kuua ukungu katika bomba moja, kisha akalalamika kuwa ameuziwa maji. Dawa ya ukungu haichagui kuvu rafiki. Vilevile ipulizwe jioni, maana jua kali huua spora, na mtu asitegemee kuona wadudu wamelala chini kesho yake asubuhi.

Mfamasia wa Kirumba

Mwalimu, nijibu la mwanafunzi. "Kuvu ya kiwavi" ni Ophiocordyceps sinensis, inayoota kwenye viwavi wa nondo katika nyanda za juu za Tibet na Himalaya. Ya Ukerewe ni kitu kingine kabisa. Ndugu yake Cordyceps militaris hutoa kodisepini, iliyotengwa mwaka 1950, ambayo inafanana na adenosini, mojawapo ya matofali ya RNA (molekuli inayobeba maelekezo ya jeni ndani ya seli), isipokuwa imekosa oksijeni mahali pamoja. Seli huichukua ikidhani ni tofali lake la kawaida, na mnyororo wa RNA hukatikia hapo. Matokeo ya maabara yanavutia, lakini mwili huivunja haraka, na matangazo ya simu hayasemi hilo.

Dawa halisi zimepatikana kwa njia ndefu zaidi. Siklosporini, iliyobadilisha kabisa upandikizaji wa figo, ilitokana na kuvu ya udongo wa Norway, Tolypocladium inflatum. Baadaye, katika miaka ya 1990, ikafahamika kuwa kuvu hiyo huishi pia kwenye viluwiluwi vya mbawakavu. Fingolimodi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010 kwa ugonjwa wa neva, ilibuniwa kutokana na mayriosini, kemikali ya kuvu inayoota kwenye wadudu. Zote mbili hupunguza nguvu ya kinga ya mwili, jambo linaloeleweka ukikumbuka kazi ambayo kuvu ilikuwa nayo ndani ya mdudu, na ndiyo sababu simshauri mtu asage mzoga wa buibui na kuunywa.

Mwalimu wa Nansio

Nashukuru sana. Je, ni salama wanafunzi kumshika, na nimhifadhije?

Mchunguzi wa Kuvu

Nyingi ya kuvu hizi hazistawi kwenye nyuzi joto 37 za mwili wa binadamu, lakini mwenye pumu asivute unga huo, na wengine wavae glavu na barakoa. Kata jani pamoja na buibui, likaushe kivulini, kisha liweke ndani ya bahasha ya karatasi na si mfuko wa plastiki, kwani unyevu utaleta ukungu wa kawaida na kuharibu sampuli. Andika nje tarehe, mahali na mmea.