Watazama ndege wa mito ya mjini, tupeane uzoefu

Mzee wa Salenda: Wakuu, naanza mimi. Mwaka wa tatu sasa kijiwe changu ni Daraja la Salenda, Dar es Salaam, pale mto Msimbazi unapomwaga maji baharini. Mwanzoni nilikuwa nadamka kila Jumamosi, saa kumi na mbili niko darajani. Siku nyingine nakuta maji yamejaa mpaka ndani ya mikoko, hakuna hata yangeyange mmoja, narudi nyumbani na umande wangu. Mvuvi mmoja akanicheka: "Mwanangu, hawa hawafuati saa yako, wanafuata maji." Tangu hapo naangalia kwanza jedwali la kupwa na kujaa. Maji yakianza kutoka na tope kuonekana, wanashuka yangeyange, nyuma yao vitwitwi, vile vindege vya ufukweni. Uhondo ni Septemba hadi Aprili, ndege wageni wa Ulaya na Asia wakiwa wametua. Kupwa kukiangukia asubuhi, tazama upande wa mikoko, jua linakuwa mgongoni. Harufu vumilia.

Darubini Mbovu: Mkuu umesahau walinzi. Mimi nilitoa darubini tu, nikaulizwa napeleleza nini. Nikamwonyesha kulastara, ndege wa majini mwenye shingo ndefu, akakodoa dakika kumi nzima mpaka mwenzake akaja kumwita. Siku hizi natembea na kitabu cha picha za ndege.

Mtoto wa Jangwani: Kwa mwewe na jamaa zake, mimi nawasikiliza kunguru. Hawa wa shingo ya kijivu walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale taka ni kero, nakubali. Lakini wakipiga kelele na kuinuka kwa pamoja, tazama wanakoelekea. Siku moja nawalaani, kumbe wanamfukuza kipanga kabeba njiwa. Msichanganye: mwewe mkia wake una panda, anaupindapinda kama usukani. Na simpendi, aliwahi kunipokonya mshikaki Coco Beach, mkononi kabisa!

Wa Nairobi: Huku kwetu darubini ya nini? Makorongo marabu wanajenga viota kwenye migunga karibu na uwanja wa Nyayo, ukipita chini ni bahati yako. Ule weupe wa miguuni ni kinyesi, wanajinyea ili kupunguza joto. Nilimweleza dereva wa matatu, akafunga dirisha.

Mzee wa Salenda: 😂 Ndugu yangu wa Nairobi, umeniharibia chai. Jumamosi hii maji yanaanza kutoka saa moja. Mwenye darubini ya ziada aje nayo, yangu jicho moja limeingia ukungu.