Naomba ushauri: mkataba wa maji na majitaka kwa mwekezaji binafsi

Wakuu, habari zenu. Naandaa maoni kuhusu kukabidhi maji ya mijini kwa kampuni binafsi, nimekwama. Dar es Salaam, kampuni binafsi ya City Water ilianza kazi 2003, serikali ikavunja mkataba 2005. Cochabamba, Bolivia, bei zilipanda hadi watu wakaingia barabarani mwaka 2000. Paris ilirudisha huduma mikononi mwa jiji 2010.

Kinachoniumiza zaidi ni majitaka. Maji safi yana mita na bili, mwekezaji atayakimbilia. Bomba la majitaka kwenye makazi ya wenye kipato duni nani atalilaza? Wenye uzoefu na mikataba hii, kipengele gani humbana mwekezaji aunganishe kaya hizo mapema? Na mdhibiti wa bei apewe meno kiasi gani? Nisaidieni tafadhali.