Supu ya fondyu imekuwa chungu, nimekosea wapi?

MamaPacha: Wadau, hamjambo? Huku Uswisi wengi Krismasi wanakula fondyu ya supu: sufuria inachemka mezani, kila mtu anachovya nyama yake kwa uma mrefu. Jana nikajaribu: supu ya ng'ombe, maganda ya machungwa mawili, mdalasini, tangawizi, karafuu. Nusu saa tu, chungu kama mwarobaini! Mume wangu kala mkate mtupu.

Mchaichai: Pole dada. Ulitia maganda na ule weupe wa ndani? Huo ndio mchawi. Kwangua rangi ya juu tu, uitie dakika tano za mwisho. Maji ya chungwa yafuate ukishapeleka mezani. Na karafuu ngapi?

MamaPacha: Kumi na mbili 🙈

Mchaichai: Makubwa! Tatu zinatosha.

BabaSupu: Nyama ilaze kwenye friza saa moja hivi, itakatika nyembamba. Kuku aive kabisa, na uma wa kuchovyea usiwe wa kulia.

MamaPacha: Nimerudia leo, karafuu tatu. Supu iliyobaki tumetia tambi, pacha wamegombania bakuli.