Tupeane uzoefu: simu ya gemu baada ya miaka kadhaa katika hewa ya bahari

Wa Langoni, Lamu (mwenye mada)

Assalaam alaykum, na salamu kwa ndugu wote wa Lamu, Malindi na kwingineko Pwani.

Mapitio mengi ya simu za gemu huandikwa wiki ya kwanza, simu ikiwa haijavuliwa nailoni na mwandishi akiwa amekaa chini ya kiyoyozi. Mimi naomba habari za simu iliyokwisha kukaa na mtu: iliyopitiwa na pepo za kaskazi na kuzi zaidi ya mara moja, iliyowahi kufunguliwa na fundi, au iliyouzwa ikapata mwenyewe wa pili. Anayelalamika naomba asitaje kampuni, kwani tunataka kusaidiana kununua na kutunza, wala si kushtakiana.

Kwa asiyezifahamu, simu hizi, zilizoundwa mahsusi kwa kuchezea gemu, zilianza kujitenga na nyingine mwaka 2017, Razer ilipotoa simu yenye kioo cha hezi 120, yaani kinachojichora upya mara 120 kwa sekunde, na mwaka uliofuata zikaja Black Shark na ROG Phone ya ASUS. Red Magic 3 ya mwaka 2019 ilikuja na feni ndani ya mwili wake. Ilipofika Machi 2021, ROG Phone 5 ilikuwa na kioo cha hezi 144, betri ya mAh 6,000, vitufe vya mguso ubavuni vya kulengea na kufyatulia, na tundu la pili la chaji katika ubavu mwingine ili waya usisumbue mikono simu ikilazwa.

Yangu ni ya kizazi hicho na bado naitumia. Nguvu zake sijaona zikipungua, maana Call of Duty: Mobile, ule mchezo wa kupigana risasi, hufunguka na kwenda kama ilivyokuwa nilipoinunua. Kilichopungua ni pumzi. Zamani ilikuwa ikilala na chaji ya jana, na sasa adhuhuri haijaingia nimekwisha kuulizia soketi. Nimeiwekea ukomo wa kuchaji wa asilimia 80, na nikicheza waya ukiwa umechomekwa nawasha ule mpangilio unaopeleka umeme moja kwa moja kwenye simu bila kuupitisha kwenye betri. Mpangilio huo ulistahili kuja umewashwa tangu kiwandani, kwa sababu wanunuzi wengi hawajui hata kwamba upo.

Karibuni, kila mmoja aeleze yake.

Kijana wa Barani, Malindi

Waalaykumu salaam, kaka. Mimi nitazungumzia mtandao, kwa kuwa wenzangu wengi hudhani kwamba mtu akinunua simu ya gemu atapigwa risasi kidogo.

Simu huchora picha, na yangu huichora vizuri sana. Lakini safari ya kwenda kwenye seva na kurudi ni ya mtandao, na hakuna kichakataji kinachoweza kuifupisha. Nikiwa kwa ami yangu Mkomani, Lamu, ndani ya ile nyumba ya mawe yenye kuta nene, laini hushuka hadi kijiti kimoja na mchezo huanza kukwama. Nikitoka nikaketi kwenye daka hali hurudi, na binamu yangu mwenye simu ya bei ya chini hupata pingi, yaani muda wa safari hiyo, ile ile ninayoipata mimi. Faida ninayoiona ni ya aina nyingine: kioo chenye hezi nyingi huitikia kidole upesi, na vitufe vya ubavuni huniachia vidole gumba viwili kwa kutembea na kutazama. Mtu akishavizoea hawezi kurudi kwenye simu ya kawaida bila kunung'unika.

Kuhusu joto, alasiri ya Machi simu hujipunguza yenyewe. Mwanga wa kioo hufifia, fremu (picha zinazochorwa kila sekunde) hushuka, na ukichomeka chaji hugoma au huenda polepole mno. Mimi nimeacha kushindana nayo, nacheza baada ya isha.

Fundi wa Mokowe

Nashukuru kwa mada hii, kwa sababu simu hizi zikishaharibika huishia mezani kwangu, na nina jambo ambalo sijaona likiandikwa vya kutosha.

Wateja wengi wanaijua hatari ya simu kuanguka majini. Wanachokisahau ni kwamba hapa kwetu maji yamo hewani. Tatizo huongezeka mtu anaponunua ile feni ya kubana mgongoni, hasa ya aina yenye bamba la umeme ambalo upande mmoja hupata baridi na upande wa pili hutoa joto. Penye hewa kavu kifaa hicho hufanya kazi nzuri. Lakini katika hewa ya Lamu, yenye unyevu mwingi, bamba likishuka chini ya nyuzi 23 au 24 za Selsiasi mvuke huanza kuganda juu yake ukawa matone, kama vile unavyoona kwenye chupa ya soda iliyotoka frijini. Mchezaji yuko katikati ya pambano na haoni kitu, kwa sababu matone yako nyuma ya simu, kwenye ukingo wa kava, yakitafuta njia ya kuingilia.

Niliwahi kuletewa simu ya kijana aliyeapa kwamba haijapata kuguswa na maji, na namwamini. Nilipoipasha moto ukingo na kuinua mgongo, kibandiko cha kupimia unyevu, ambacho huwa cheupe, kilikuwa kimegeuka chekundu. Kwenye soketi ya utepe unaounganisha tundu la chaji la ubavuni, pini mbili za mwisho zilikuwa zimefanya kutu ya kijani, kidogo tu, kiasi cha ncha ya sindano, na kutu hiyo ndiyo iliyokuwa ikiidanganya simu kwamba imechomekwa chaji hata ikiwa mfukoni. Nilisafisha kwa spiriti na brashi laini, simu ikapona. Wengine huja baada ya kuiweka simu kwenye friji ili ipoe upesi; hao huwa nimechelewa kuwasaidia.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mtu wa Pwani ni feni ya kawaida inayopuliza hewa tu, bila bamba la baridi, au akiwa na bamba alitumie kwa kiwango cha chini na aipanguse simu kila anapoibandua. Simu zenye feni ndani nazo zina njia ya hewa inayokusanya vumbi na chumvi, kwa hiyo matundu yake yapigwe brashi kavu mara kwa mara, na asiyapulize kwa mdomo, kwani pumzi pia ni unyevu.

Tena yatazameni maelezo ya kinga dhidi ya maji kabla ya kununua. ROG Phone 6 ya mwaka 2022 ilipewa daraja la IPX4, yaani michirizi tu; ROG Phone 7 ikapata IP54, yaani michirizi na vumbi kiasi, na ROG Phone 8 ya Januari 2024 ndiyo iliyofika IP68, yaani hata kuzama majini kwa muda. Anayevuka kutoka Mokowe hadi Amu (Lamu) kwa boti, mawimbi ya kuzi yakimrushia maji, ataiona tofauti hiyo. Na IP68 yenyewe hupimwa kwa maji yasiyo na chumvi.

Dada wa Shela

Mimi si mchezaji. Simu niliirithi kwa kaka yangu aliponunua mpya, na naitumia kupiga video za nyumba ya wageni na kujibu wanaotaka vyumba. Kwa kazi hiyo imenifaa kuliko nilivyotazamia: spika zake mbili zinasikika hata upepo ukivuma, kioo kinaonekana, na betri, pamoja na uzee wake, bado inashinda ya simu yangu ya zamani. Kamera yake mchana ni nzuri na usiku ni ya kuvumilia.

Inanichosha kwa uzito. ROG Phone 5 ina gramu 238, na nyingi za jamii hii ziko karibu na hapo. Ukiishika kwa mkono mmoja ukimwonyesha mgeni ngazi, kifundo cha mkono kinalalamika. Halafu mchanga. Kifuniko cha mpira cha tundu la ubavuni kilipotea hata kabla simu haijanifikia, na mchanga wa Shela ni laini, huingia popote.

Mzazi wa Casuarina, Malindi

Nitatofautiana kidogo na wenzangu. Mwanangu alinisihi nimnunulie simu ya aina hii, nikamnunulia, na sina ugomvi nayo kwa mchezo. Lakini kwa bei ile ile ningepata simu bora ya kawaida ambayo ingedumu zaidi. Google kwa Pixel 8, na Samsung kwa Galaxy S24, waliahidi masasisho ya miaka 7. ROG Phone 5 ilitoka na Android 11 na masasisho yake makubwa yakaishia Android 13. Lenovo yenyewe ilitoa Legion Phone Duel mwaka 2020, na mwaka 2023 ikaacha kabisa biashara ya simu za gemu. Mtu anayetumia simu hiyo hiyo kwa benki na kutuma pesa hana budi kuliwazia jambo hili la usalama, hata kama kichakataji bado kina nguvu za kupasua mwamba.

Wa Langoni, Lamu

Nimekuelewa, mzee wangu, na hoja ya benki ni nzito. Mimi mambo ya pesa nimeyahamishia kwenye simu ndogo, na hii nimeiachia mchezo na video. Fundi, nina swali: nikitaka betri mpya nianzie wapi? Mombasa nimeambiwa hawana, na Nairobi wamenitajia bei bila kunionyesha betri yenyewe.

Fundi wa Mokowe

Betri za simu hizi mara nyingi ni vipande viwili, mfano ROG Phone 5 ni mbili za mAh 3,000, ili chaji ya wati 65 igawanyike na joto lisikae mahali pamoja. Kwa hiyo usikubali kubadilishiwa kipande kimoja, kwani kipya na kikuukuu havitachajika sawa.

Kuagiza nje kunachelewa, na sababu ipo: tangu Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kuwa shehena katika ndege za abiria, hivyo huja kwa ndege za mizigo au kwa meli. Ikifika, kabla ya kulipa soma tarehe ya kutengenezwa iliyo kwenye lebo. Betri iliyotengenezwa pamoja na simu yako na kukaa stoo miaka yote hiyo imezeeka hata kama haijawahi kutumiwa. Itazame pia kama imevimba hata kidogo, kwa kuilaza juu ya kioo cha meza na kuona kama inayumba.

Njoo nayo, nitakubadilishia na kuweka gundi mpya ukingoni. Ila ujue kwamba simu ikishafunguliwa, ile kinga ya kiwandani dhidi ya maji usiihesabu tena.

Kijana wa Barani, Malindi

Fundi, nami nitakuja na yangu kuzi ikitulia. Na anayejua fundi wa Malindi aliyewahi kuzifungua hizi bila kuvunja kioo cha mgongo, tafadhali ataje mtaa hapa chini.